Watafiti wa mifugo wapimwe na kijijini pia

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo kwa kawaida huzungumzwa na wasomi wa vyuo vikuu peke yao, nalo ni jinsi mtafiti wa uzazi wa mifugo anavyopimwa kuwa amefanya kazi kubwa au ndogo. Mimi si mtafiti. Ni mwalimu wa shule ya msingi katika Wilaya ya Rungwe, nimepitia chuo cha ualimu, na nyumbani kwangu nina ng'ombe mmoja wa maziwa. Lakini kwa kuwa utafiti mwingi hulipiwa na fedha za wananchi, na kwa kuwa ng'ombe wanaotafitiwa ni hawa hawa tunaowakatia majani kila asubuhi, naona nina haki ya kusema.

Chanzo cha barua hii ni mpwa wangu anayesomea mifugo. Alipokuja likizo alikuwa na orodha ya kazi za mtafiti mmoja wa mambo ya uzazi wa ng'ombe. Katika orodha hiyo kila makala ilikuwa na jina la jarida, mwaka, na mwisho wa mstari namba inayoonyesha imetajwa na watafiti wengine mara ngapi. Juu kabisa ziliwekwa jumla zake. Kijana alikuwa akiisoma kwa heshima kubwa, akaniambia, "Mjomba, huyu ni mtu mkubwa sana. Tazama alivyotajwa."

Wakati huo jirani yangu, mama mmoja mjane, alikuwa amekuja kuazima panga. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mwalimu, katika namba hizo, ng'ombe walioshika mimba wameandikwa wapi?"

Mpwa wangu alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua swali lile limetoka wapi. Mama huyo alikuwa amekwisha mlipa mhimilishaji mara tatu kwa ng'ombe mmoja, na ng'ombe hana mimba. Fedha alizitoa katika mkopo wa kikundi cha akina mama, na mkopo haungoji ndama azaliwe.

Kabla sijaendelea, ni vizuri kuwaeleza wasomaji wenzangu namba hizi ni kitu gani, maana haifai kulaumu kitu usichokijua. Mtafiti akigundua jambo huandika makala katika jarida la kitaalamu. Mtafiti mwingine anayefuata njia ile ile akiitumia kazi hiyo, anawajibika kumtaja aliyemtangulia. Huu ni uungwana, na ni ukweli vile vile. Hata darasani, mtoto akileta jibu zuri humuuliza, "Nani kakuonyesha?" Kumtaja aliyekuonyesha ni adabu ya elimu.

Mmarekani mmoja, Eugene Garfield, ndiye aliyeanzisha kazi ya kukusanya matajo hayo kwa utaratibu mkubwa. Alitoa wazo lake mwaka 1955, na mwaka 1964 akatoa faharasa kubwa inayoonyesha makala ipi imetajwa na makala zipi. Shabaha yake ya kwanza ilikuwa kumsaidia mtafiti kufuatilia habari: wazo lilianzia wapi, na nani ameliendeleza au kulipinga. Baadaye watu wakaanza kutumia hesabu hizo kuwapanga wasomi kama tunavyowapanga wanafunzi baada ya mtihani. Mwaka 2005 mtaalamu wa fizikia Jorge Hirsch, wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, akatunga alama moja inayojumlisha yote. Mtafiti akiwa na makala 20 ambazo kila moja imetajwa angalau mara 20, basi alama yake ni 20. Akitaka kufika 21 lazima awe na makala 21 zilizotajwa angalau mara 21 kila moja.

Sisemi kipimo hiki ni cha uongo. Kina faida. Kinamzuia mtu kujisifu kwa wingi wa makala ambazo hakuna aliyezitumia. Kinamsaidia kijana aliyefanya kazi nzuri katika chuo kisichojulikana aonekane hata kama hana mkubwa wa kumshika mkono. Bila kipimo chochote, vyeo vingetolewa kwa kujuana, na ubaya wa kujuana tunaufahamu. Kwa hiyo wasomaji wasidhani ninataka namba hizo zichomwe moto.

Ninachosema ni kwamba kipimo hiki kinahesabu kitu kimoja tu, yaani mazungumzo ya watafiti wao kwa wao. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Mama yule mjane hayumo katika mazungumzo hayo, wala bwana mifugo wa kata, wala mimi. Ng'ombe akishika mimba au asishike, namba ya mtafiti haipandi wala haishuki.

Sasa nieleze habari ya ng'ombe mwenyewe, maana ndiyo inayoonyesha hasara tunayoipata.

Ng'ombe jike asiye na mimba huingia kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi, wengine siku 18, wengine 24. Joto hilo kwa ng'ombe wa maziwa huchukua kwa kawaida saa 12 hadi 18. Yai halitoki wakati wa joto, bali hutoka saa 10 hadi 12 hivi baada ya joto kwisha, na likishatoka huishi kwa saa chache tu. Mbegu za dume nazo huishi kwa muda wa siku moja hivi ndani ya jike, tena haziwezi kazi mara tu zinapoingia. Mwaka 1951 watafiti wawili, M. C. Chang aliyekuwa Marekani na C. R. Austin aliyekuwa Australia, kila mmoja kwa upande wake, walionyesha kwamba mbegu lazima zikae kwa saa kadhaa ndani ya jike ndipo zipate uwezo wa kulitungisha yai. Kwa hiyo kumpandisha ng'ombe mapema mno ni hasara, na kuchelewa mno ni hasara.

Wakati ulio bora ni upi? Jambo hili halikujulikana jana wala juzi. Mwaka 1948 mtafiti G. W. Trimberger wa Nebraska, Marekani, alitoa matokeo ya kazi yake ya kuwapandisha ng'ombe kwa nyakati mbalimbali kabla na baada ya yai kutoka. Kutokana na kazi kama hiyo ikapatikana kanuni ambayo hata mtoto wa darasa la tatu anaweza kuikariri: ng'ombe akionekana kwenye joto asubuhi, apandishwe jioni, akionekana jioni, apandishwe kesho yake asubuhi. Trimberger hakuitoa kazi yake katika jarida la kifahari. Aliitoa katika taarifa ya kituo cha utafiti wa kilimo cha jimbo lake, kituo kilichowekwa kwa ajili ya wakulima.

Tumtazame tena mama jirani yangu. Nilikaa naye kitako nikamwuliza habari za zile mara tatu, nikaziandika katika daftari.

Mara ya kwanza aliona dalili Jumapili alfajiri. Ng'ombe alilia usiku, hakula, na ute mweupe wa kuvutika ulikuwa ukining'inia. Mhimilishaji alifika Jumatatu jioni. Hizo ni saa 36. Yai lilikwisha toka na kufa.

Mara ya pili mhimilishaji alikuwa kijijini kwa shughuli nyingine. Mama aliona ng'ombe ameanza kuhangaika saa hiyo hiyo, akamwita, na kazi ikafanyika papo hapo ili mtu asisumbuke kurudi. Hapo ilikuwa mapema mno. Mbegu zilichoka kabla yai halijatoka.

Mara ya tatu mama aliona damu kidogo katika ute, akadhani ndiyo dalili kubwa kupita zote. Akapiga simu, akakopa, mtu akaja. Lakini damu hiyo huonekana siku moja hadi tatu baada ya joto kupita. Ilikuwa ni tangazo kwamba basi limeondoka, naye akakata tiketi.

Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa hesabu, na hesabu yake ni hii. Mara tatu kwa siku 21 ni siku 63. Ndama atachelewa siku 63, na maziwa yatachelewa siku 63. Tukichukulia kwamba ng'ombe huyo angetoa lita 8 kwa siku, hizo ni lita 504 ambazo hazitakuwapo. Katika lita hizo kulikuwa na sare za shule, rejesho la mkopo na dawa ya kuogesha. Yote hayo yamepotea kwa ajili ya kanuni ya mistari miwili ambayo imejulikana duniani kwa zaidi ya miaka 70.

Je, mama huyo alikuwa mzembe? Hapana. Anaamka kabla yangu. Je, mhimilishaji ni mwizi? Sina haki ya kusema hivyo. Ana pikipiki moja na vijiji vingi, na mtungi wake wa naitrojeni huisha njiani. Je, elimu haikuwapo? Ilikuwapo, tena nyingi. Kilichokosekana ni njia ya kuifikisha, na mtu wa kuitengeneza njia hiyo hapati alama kwa kuitengeneza.

Wapo watakaosema kwamba makala kubwa kubwa zinazotajwa sana ndizo zilizotuletea huu uhimilishaji wenyewe. Ni kweli kabisa. Mwaka 1949 Chris Polge na wenzake wawili, Audrey Smith na Alan Parkes, katika taasisi ya utafiti wa tiba iliyokuwa Mill Hill, London, walitoa makala fupi sana iliyoonyesha kwamba mbegu zikichanganywa na gliserini zinaweza kugandishwa na baadaye kuzinduliwa zikiwa hai. Inasimuliwa kuwa walifika hapo kwa bahati, kwa sababu chupa waliyodhani ina sukari ilikuwa imebandikwa jina lisilo lake, na ndani yake mlikuwa na gliserini. Hawakuficha kosa lile. Walilichunguza mpaka wakajua dawa ni ipi. Mwaka 1951 ndama wa kwanza aliyetokana na mbegu zilizogandishwa alizaliwa Uingereza. Leo mbegu huhifadhiwa katika naitrojeni ya maji yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na dume mmoja anaweza kuwa na ndama katika mabara ambayo hakuyakanyaga. Hata kituo chetu cha taifa cha uhimilishaji kilichoko Usa River, mkoani Arusha, kinasimama juu ya ugunduzi ule.

Basi utafiti wa maabara ni mama wa mambo haya, na mwenye akili hawezi kuudharau. Lakini tutazame jambo jingine ambalo namba hazilisemi.

Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, ambao ni Pursley, Mee na Wiltbank, walitoa utaratibu wa kumpandisha ng'ombe bila kungojea dalili za joto. Ng'ombe huchomwa homoni ya kwanza, baada ya siku 7 huchomwa ya pili, baada ya siku 2 hivi huchomwa tena ile ya kwanza, kisha hupandishwa kwa saa iliyopangwa. Ni kazi nzuri sana, na imetajwa mara nyingi mno, kwa sababu ilitatua shida ya mashamba makubwa yenye mamia ya ng'ombe ambako hakuna wa kukaa akitazama nani analia usiku. Watafiti wengi wanafanya kazi katika mashamba ya namna hiyo, kwa hiyo wanaotaja ni wengi.

Sasa tumchukue mtafiti wetu anayekaa Mpwapwa au Uyole akichunguza joto la zebu. Inajulikana kwamba joto la zebu ni fupi kuliko la ng'ombe wa Ulaya, na mara nyingi huja usiku wakati mwenye ng'ombe amelala. Mtu akituonyesha mfugaji afanye nini ili asipitwe, atakuwa amewasaidia wafugaji wengi wa nchi hii. Lakini ni watafiti wangapi duniani wanaoshughulika na jambo hilo? Ni wachache. Kwa hiyo watakaomtaja ni wachache, na alama yake itakuwa ndogo. Alama hiyo inapima ukubwa wa kijiji cha wasomi wenzake, na kijiji cha wasomi wa zebu ni kidogo. Kumweka yeye na yule wa Wisconsin katika mizani moja ni sawa na kumpima mwalimu wa shule yenye watoto 90 na mwalimu wa chuo kikuu kwa idadi ya watu waliopiga makofi.

Tukumbuke ng'ombe aina ya Mpwapwa, waliotambuliwa rasmi mwaka 1958 baada ya miaka mingi ya kuchanganya zebu wetu na damu za nje. Kazi ile ilifanywa kwa uvumilivu, kizazi baada ya kizazi cha ng'ombe, na kizazi kimoja cha ng'ombe ni miaka. Kijana wa leo anayetakiwa kuonyesha makala kadhaa kila baada ya miaka michache ili apandishwe cheo, atathubutu kuanza kazi itakayozaa matunda baada ya miaka 20? Atachagua jambo fupi, la haraka, linalopendwa na wenye majarida. Simlaumu. Hata sisi walimu tukiambiwa tutapimwa kwa matokeo ya darasa la saba peke yake, madarasa ya chini hupata taabu.

Wala si mimi wa kwanza kusema hivi. Desemba 2012 wanasayansi waliokutana San Francisco, Marekani, walianza kuandaa azimio lililotangazwa mwaka 2013, likisema kazi ya mtafiti isipimwe kwa hadhi ya jarida ilimochapishwa, bali kwa ubora wa kazi yenyewe, na matunda yake katika jamii yaangaliwe pia. Wenye mizani wenyewe wamekiri kwamba mizani ina kasoro. Sisi tulioinunua tukiwa wa mwisho tusiwe wa mwisho kuirekebisha.

Nilipomsomea mwalimu mwenzangu rasimu ya barua hii alinipinga. Alisema, "Kazi ya mtafiti ni kutafiti. Kufundisha wafugaji ni kazi ya bwana mifugo. Ukimtuma mtafiti kila mahali hatatafiti tena." Hoja hiyo ina uzito, nami nimeifikiria sana. Jibu langu ni kwamba simwambii mtafiti atembee nyumba kwa nyumba na mrija mkononi. Namwomba aandike. Bwana mifugo wetu ni mtu mwenye bidii, lakini siku nilipomwuliza ana kijitabu gani cha Kiswahili kinachoeleza habari ya damu ile katika ute, alinionyesha daftari lake la chuoni ambalo limechakaa. Mtafiti asipoandika, bwana mifugo atafundisha nini? Ataendelea kutumia daftari lile mpaka astaafu.

Tena tusidanganyane kwamba sayansi haiwezi kuandikwa kwa Kiswahili kikaeleweka kijijini. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Mambo ya malaria, kichocho, kuhara damu na kifua kikuu yaliandikwa katika vitabu vya Kiswahili chepesi, yakasomwa kwa redio, na wananchi wapatao milioni 2 wakakaa katika vikundi vya kusoma, wakatoka wakachimba vyoo. Wazee wetu walifanya hivyo wakati vijiji vingi havina hata umeme. Leo simu ziko kila nyumba, na bado habari ya joto la ng'ombe imefungiwa katika Kiingereza, tena katika majarida ambayo mengi hayasomwi bila kulipiwa.

Kwa hiyo natoa mapendekezo yafuatayo kwa wahusika, yaani vyuo vikuu, Taasisi ya Utafiti wa Mifugo, Tume ya Sayansi na Teknolojia, na Wizara.

Kwanza, kila utafiti wa mifugo unaogharimiwa na fedha za umma uambatane na maelezo ya kurasa mbili kwa Kiswahili, yanayosema tumegundua nini, mfugaji afanye nini, na asifanye nini. Maelezo hayo yapelekwe katika ofisi za kata na katika shule.

Pili, kurasa hizo mbili zihesabiwe mtafiti anapoombewa cheo. Zisipohesabiwa hazitaandikwa, au zitaandikwa kwa kulipua. Mtu hufanya kwa bidii kile anachopimwa kwacho, awe profesa au mwanafunzi.

Tatu, katika kumpima mtafiti wa uzazi wa mifugo waulizwe pia wafugaji na mabwana mifugo wa eneo alilofanyia utafiti. Waulizwe kama alirudi kuwaeleza matokeo. Wengi wetu tumewaona watafiti wakija na dodoso, wakapima ng'ombe wetu, wakachukua damu na maziwa, wakaaga kwa heshima, na hapo ndipo mwisho wa habari. Ng'ombe wetu wamo katika majarida ya ughaibuni, lakini wenyewe hatujui walionekana na nini.

Nne, Baraza la Kiswahili lisaidiane na wataalamu kusanifu na kueneza maneno ya fani hii. Uhimilishaji ni neno zuri, na sasa watu wamelizoea. Yapo mengine yanayongoja kuzaliwa.

Tano, sisi walimu tusingoje kuletewa. Mwaka 1967 tuliambiwa kuhusu Elimu ya Kujitegemea kwamba shule isitengane na maisha ya kijiji. Nami nimeanza na kidogo. Wanafunzi wangu wa darasa la tano wametengeneza kalenda ya ng'ombe kwa karatasi za maboksi. Kila mtoto ambaye kwao wana ng'ombe huweka alama siku ya joto, huhesabu siku 21, na kuanzia siku ya 18 huwaambia wazazi wawe macho asubuhi na jioni. Chini ya kalenda tumeandika ile kanuni ya asubuhi na jioni, na mstari mmoja usemao: ukiona damu umechelewa, hesabu upya. Somo la hesabu limekuwa na maana, na watoto watoro wamepungua siku ninapolifundisha.

Mama jirani yangu alipewa kalenda moja. Alipoona dalili tena ilikuwa jioni. Safari hii hakumwita mtu usiku ule. Alimpigia mhimilishaji aje asubuhi, na bwana yule, baada ya kuelezwa kwa heshima, alikuja saa mbili asubuhi. Juzi ilikuwa siku ya 21. Mama aliamka mara tatu usiku na tochi. Ng'ombe alikuwa amelala akicheua, hana habari na mtu. Jana kimya, leo kimya. Bado ni mapema kusema, na bwana mifugo ametuambia tungoje atakapoweza kumpima. Najua vilevile kwamba ng'ombe mmoja si utafiti.

Lakini leo asubuhi nikienda shule mama aliniita kutoka zizini. Nikamwamkia, akaitika, kisha akaniambia, "Mwalimu, yule bwana wa namba, mwandikie. Mwambie hata mimi namtaja."

Sijui ni yupi kati ya watafiti hao wote anayestahili salamu hiyo, kwa hiyo naipeleka kwao wote kupitia gazeti lako. Wapo wanaofanya kazi nzuri kimya kimya bila kutajwa, na wapo wanaotajwa sana ambao wangependa kutufikia ila utaratibu hauwapi nafasi. Wote ni watoto wa nchi hii, na wengi wao walisomeshwa kwa maziwa ya ng'ombe kama huyu. Wenye mamlaka ya kurekebisha vipimo wavirekebishe, ili kutajwa na mama wa kijijini nako kuwe na nafasi yake katika orodha.



Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Rungwe, Mbeya.